Kibao cha mwanangu: utumbo, pamba, mpira na sega la nyuki

SEHEMU YA 1: HARUFU CHUMBANI

Wiki hii sizungumzii uji wa lishe wala ratiba ya kliniki. Nitawasimulia historia ya kitu ambacho pengine kipo uvunguni mwa kitanda cha mwanao sasa hivi: kibao cha kuchezea mpira wa meza. Usicheke. Hicho kibao kilitaka kuniondolea mtoto.

Ilikuwa hivi. Nimetoka zamu ya usiku, saa mbili asubuhi, miguu imevimba, nawaza kitanda tu. Nafungua mlango wa chumba cha watoto, napigwa na harufu kali kama ya banda la fundi baiskeli. Dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi. Mwanangu wa miaka 9 amekaa sakafuni na kipande cha plaiwudi, ndala yangu ya zamani ameikata, na tyubu mbili za solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha. Pembeni yake dada yake, miezi 11, amelala kifudifudi sakafuni. Namwita, haitiki vizuri. Macho mazito, anatapika kidogo.

Nilimbeba mbio mpaka nje chini ya mwarobaini. Kwa hewa safi akaanza kulia, nami nikalia pamoja naye. Tulikwenda kituoni, akaangaliwa mpaka jioni, akapona kabisa, namshukuru Mungu. Niliporudi nilikichukua kile kibao, nikakitupa chooni bila kumuuliza mwenyewe hata neno moja. Kijana hakusema na mimi siku mbili.

Siku ya tatu aliniuliza, kwa adabu tu: "Mama, ulijua kwa nini niliweka ndala?" Sikujua. Akasema: "Mbao tupu mpira unateleza. Huwezi kuukata."

Mimi nesi, nasoma dozi na vipimo kila siku, nikakosa jibu. Ndipo nikaanza kutafuta kwa nini mbao tupu inateleza, na watu waliitatuaje kabla ya mwanangu. Nilichokipata kilinirudisha nyumbani kila hatua: kwenye ng'ombe wetu, pamba yetu, hata kwenye wodi ya wazazi. Twende pole pole.

Kabla hatujaendelea, shika hili moja. Mvuke wa gundi ya pancha na gundi ya viatu ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka chini. Mkubwa aliyesimama anasikia harufu tu, ila mtoto anayetambaa yuko ndani ya bwawa lenyewe. Kwa hiyo gundi ni nje, sio chumbani. Mtoto akilegea, akitapika au akisinzia isivyo kawaida karibu na gundi, mtoe nje kwanza, halafu kituoni. Akiwa ameimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa ya "kukata sumu". Njoo naye, na hiyo tyubu uje nayo.

SEHEMU YA 2: UTUMBO

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1874 huko Uingereza, Meja mmoja aitwaye Walter Wingfield aliandikisha haki ya mchezo wa tenisi ya kwenye majani. Raketi za wakati huo zilikuwa za mbao iliyokunjwa, katikati zimesukwa nyuzi. Nyuzi za nini? Za utumbo. Mwaka 1875 mjini Lyon, Ufaransa, Pierre Babolat, ambaye familia yake ilikuwa ikitengeneza nyuzi za ala za muziki kwa utumbo, akaanza kutengeneza nyuzi za raketi. Kwanza ulitumika utumbo wa kondoo, baadaye wa ng'ombe.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, mama zangu. Miaka ileile, daktari wa upasuaji Joseph Lister alikuwa anatafuta uzi wa kufungia mishipa ya damu ambao hautaoza vibaya ndani ya mwili. Mwaka 1869 alichapisha majaribio aliyofanya kwa ndama, akitumia uzi wa utumbo uliotibiwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Uzi ule uliyeyuka wenyewe mwilini, hakuna haja ya kuutoa. Ndio uzi tuliokuja kuuita katigati. Wangapi kati yenu mlichanika msamba wakati wa kujifungua, mkashonwa, mkaambiwa "nyuzi zitayeyuka zenyewe"? Kwa miaka mingi uzi huo ulikuwa utumbo. Siku hizi nyuzi za kutengenezwa viwandani zimechukua nafasi kubwa, na Ulaya waliacha katigati mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa hofu ya ugonjwa wa ng'ombe kichaa. Ila ndugu yake aliyebaki kwenye raketi bado anachezewa mpaka leo na baadhi ya wachezaji wakubwa.

Kwa nini utumbo? Kwa sababu unavutika na kurudi. Muulize mtu yeyote wa Bariadi aliyechuna ng'ombe, atakwambia utando wa utumbo haukatiki kirahisi. Mpira ukigonga, nyuzi zinabonyea, zinaukalia mpira kwa muda mfupi sana, halafu zinausukuma. Katika huo muda mfupi ndipo mchezaji anapata kuumiliki mpira, kuupeleka anakotaka. Ubao mgumu hauna subira hiyo. Unagonga, umeshaondoka.

Na kuuzungusha? Hapo kuna kisa. Mwaka 1977 ilitokea raketi ya ajabu waliyoiita raketi ya tambi. Aliyeibuni ni Mjerumani, Werner Fischer. Nyuzi zilipangwa safu mbili ambazo hazikusukwa pamoja, zikawekewa vijibomba vya plastiki, hivyo mpira ukigonga nyuzi zinateleza pembeni kisha zinarudi kwa nguvu na kuuzungusha mpira vibaya sana. Oktoba mwaka huo Ilie Nastase wa Romania aliitumia kumkabili Guillermo Vilas wa Argentina, bingwa aliyekuwa hajafungwa kwenye uwanja wa udongo kwa miezi mingi. Vilas alikasirika, akaacha mechi katikati. Shirikisho la tenisi la dunia likaipiga marufuku raketi ile.

Nawaambia haya ili mjue kwamba hata wakubwa wenye pesa waligombana kwa swali lilelile la mwanangu: kitu gani kinaushika mpira na kuuzungusha, na kiasi gani kiruhusiwe.

SEHEMU YA 3: PAMBA

Wengi mmeniandikia kuhusu sehemu iliyopita, hasa ile habari ya nyuzi. Mayu mmoja kasema "kumbe nilishonwa na raketi!" Ndiyo, mama, ni ukoo mmoja.

Leo tunakuja kwetu hasa. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu Bariadi, na ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Wengi wetu tumesomeshwa na pamba. Tumepalilia Januari, tumevuna kuanzia Mei, tumelala juu ya marobota tukisubiri mzani. Tumezijua mbegu za UK, na hiyo UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kule Misungwi. Lakini je, uliwahi kuambiwa kwamba mpira wa meza ulitokana na pamba?

Kisa kinaanza na tembo. Karne ya 19, mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilipendwa sana. Nani walizibeba mpaka Bagamoyo? Wapagazi Wanyamwezi na Wasukuma, babu zetu, miezi mitatu njiani kwenda na kurudi si ajabu. Na wanawake walikuwamo kwenye misafara ile: wake za wapagazi, wamebeba vyungu na watoto mgongoni, wakipika kila kambi. Historia inawasahau, sisi tusiwasahau.

Pembe zikapanda bei. Kampuni moja ya biliadi Marekani ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata mbadala. John Wesley Hyatt, mpiga chapa, akajitosa, na kufikia mwaka 1870 alikuwa na haki ya kutengeneza kitu kipya: seluloidi. Ilitengenezwaje? Unachukua pamba, unaitibu kwa asidi kali, unaichanganya na kafuri, ileile kafuri tunayoijua kwenye mazishi, unaipasha moto na kuigandamiza. Inatoka plastiki ngumu, nyepesi, inayong'aa.

Miaka 30 baadaye Waingereza walikuwa wanacheza tenisi sebuleni juu ya meza ya chakula, kwa mipira ya raba au kizibo. Ya raba iliruka kama kichaa, ya kizibo haikuruka kabisa. Karibu na mwaka 1900 Mwingereza James Gibb aliona Marekani vimipira vya seluloidi, vitupu ndani, akarudi navyo. Vikakubalika pale pale. Kwa zaidi ya miaka 100 mpira wa meza duniani kote ulikuwa wa seluloidi, yaani wa pamba. Mwaka 2000 ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40 ili uende pole kidogo watazamaji wauone. Na kuanzia mwaka 2014 shirikisho la dunia likaruhusu mipira ya plastiki nyingine, seluloidi ikaanza kuondoka.

Pamba inayofaa kazi hiyo hasa ni ule manyoya mafupi unaobaki kwenye mbegu baada ya jineri kutoa nyuzi ndefu. Nyuzi ndefu zinakwenda kuwa kanga na shuka. Mbegu inakwenda kukamuliwa mafuta, mashudu kwa ng'ombe. Na yale manyoya mafupi, ambayo wewe uliyaona ni uchafu tu, viwanda huyatafuta.

Kwa nini waliacha seluloidi? Sababu mojawapo inanihusu mimi wa wodini: inawaka kama petroli. Watoto wakorofi wanalijua hilo. Wanakiwasha kipira cha zamani kwa kiberiti waone moto unavyoruka. Mama, usikubali. Mipira ya zamani bado ipo kwenye makabati na madukani, na kwa macho huwezi kuitofautisha na mipya.

Na mtoto akiungua, kwa moto wowote ule: maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, sio mbili. Kama bomba hakuna, mmiminie kwa jagi, ndoo baada ya ndoo. Vua nguo na bangili, ila kilichoganda kwenye ngozi usikivute. Funika kwa kitambaa safi, njoo kituoni. Dawa ya meno hapana. Yai hapana. Unga, asali, mafuta ya kupikia, hapana. Kila wiki tunasafisha dawa ya meno kwenye vidonda vya watoto, na mtoto analia mara mbili: kwa moto, na kwa kusafishwa.

SEHEMU YA 4: MPIRA NI NINI

Kiswahili chetu kina ujanja wake. Mpira ni ule unaopigwa, na mpira ni ule utomvu wenyewe unaovutika. Kliniki tunakwambia uje na mpira wa kujifungulia, ule unaotandikwa kitandani. Mgonjwa asiyeweza kukojoa tunamwekea mpira. Uzazi wa mpango tunagawa mipira. Neno moja, kazi nyingi, na zote zinatokana na tabia ya kitu kimoja: kinavutika, kinarudi, hakipitishi maji, na kinashika.

Hiyo ya kushika ndiyo aliyoigundua mwanangu kwenye ndala.

Tuseme hivi. Unatembea kwenye mbuga zetu nyeusi mvua imenyesha, na viatu vya soli laini kama sahani. Utaanguka. Vaa viatu vyenye meno, utapita. Mbao laini na kipira laini ni hivyo hivyo: ukikipangusa kutoka chini kwenda juu, kinateleza, kinaondoka bila kuzunguka. Raba ni laini, inabonyea, inaingia kwenye vijishimo vidogo vya mpira na kuung'ang'ania. Ukipangusa, mpira unaondoka unajizungusha kama pia. Na mpira unaozunguka kwa mbele hauendi kama mwingine. Unaburuta hewa, hewa inausukuma chini, unashuka ghafla mezani mpinzani akidhani unatoka nje. Ndiyo maana unaweza kuupiga kwa nguvu na bado ukaingia. Mzunguko na umiliki ni ndugu: anayeuzungusha mpira ndiye anayeuamrisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walianza kubandika raba yenye vipele kwenye vibao vyao. Kwa karibu miaka 50 hivyo vilitosha. Mwaka 1952 mashindano ya dunia yalifanyika Bombay, India. Akaja Mjapani mwembamba wa miwani, Hiroji Satoh, na kibao kilichobandikwa sponji nene. Wachezaji walizoea kusikia mlio wa mpira kwenye kibao cha mpinzani, kwa mlio wanajua nguvu iliyokuja. Cha Satoh hakikulia. Sponji iliumeza mpira kimya, ikautupa kwa kasi. Akawa bingwa wa dunia. Baada ya hapo ikawa vurugu, kila mtu na sponji yake, mpaka mwaka 1959 shirikisho likaweka mipaka: raba na sponji kwa pamoja visizidi milimita 4 kila upande. Raba, sponji na mbao vikakaa pamoja kwa amani mpaka leo.

Sasa mama, kaa chini. Miaka ya 1970 wachezaji wa Ulaya ya Mashariki waligundua jambo. Ukibandika raba kwa gundi ya kuzibia pancha za baiskeli, tena muda mfupi kabla ya mechi, sponji inavimba kwa ule mvuke, inakaza raba, na mpira unatoka kwa kasi zaidi na kuzunguka zaidi. Nasema gundi ya pancha za baiskeli. Solusheni.

Mabingwa wa dunia walikuwa wanakaa vyumba vya kubadilishia nguo, wameinamia vibao, wanapaka gundi ileile aliyopaka mwanangu chumbani kwangu. Kwa miaka 30 hivi. Mvuke ule unaumiza: kichwa kuuma, kizunguzungu, na kwa muda mrefu unadhuru neva, ini na figo. Shirikisho la mpira wa meza la dunia lilibishana nalo kwa muda mrefu, kisha kuanzia Septemba 2008, baada ya Olimpiki ya Beijing, gundi zenye mvuke huo zikapigwa marufuku. Sasa wanatumia gundi zilizochanganywa na maji.

Niliposoma hilo nilinyamaza muda mrefu. Mwanangu hakuwa mjinga. Yeye peke yake Bariadi, kwa ndala na solusheni, alifuata njia ileile waliyopita mabingwa, uzuri wake na hatari yake. Mimi niliona hatari tu. Uzuri nilikuwa nimeutupa chooni.

SEHEMU YA 5: SEGA LA NYUKI

Sehemu ya mwisho, na ndiyo niipendayo.

Mwaka 1965, kisiwa cha Bainbridge karibu na Seattle, Marekani. Likizo ya kiangazi, watoto wamechoka kukaa nyumbani, wanawasumbua wazazi. Mnaijua hiyo hali. Baba wawili, Joel Pritchard na Bill Bell, wanataka kuwachezesha mpira wa vinyoya, vifaa hawavipati. Wanaokota vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wanashusha wavu, mchezo mpya unazaliwa. Wakauita pickleball. Vibao vilikuwa vidogo mno, basi jirani yao Barney McCallum akashuka kwenye karakana yake akakata vikubwa kwa plaiwudi. Umeona? Plaiwudi, kama mwanangu.

Plaiwudi ilitawala karibu miaka 20. Tatizo lake ni uzito. Ukiifanya nyembamba inatetema na kuuma mkono, ukiifanya nene inachosha bega. Kijana mmoja mchezaji, Steve Paranto, alimlalamikia baba yake. Baba yake, Arlen Paranto, alikuwa mhandisi kiwanda cha ndege cha Boeing. Hakumwambia "wacha michezo, kasome." Alikwenda kutafuta mabaki ya vipande vinavyotandikwa sakafu za ndege. Mwaka 1984 akatoa kibao cha kwanza cha aina yake.

Ndani ya sakafu ya ndege kuna nini? Kuna sega. Sega kabisa, vyumba vya pembe sita kama vya nyuki, ila vya karatasi maalumu iliyoloweshwa gundi ngumu, na juu na chini yake ngozi nyembamba ya nyuzi za kioo. Nenda sokoni ukaangalie sega la asali. Nyuki anajenga kwa nta kidogo iwezekanavyo, lakini sega linabeba asali yenye uzito mara nyingi kuliko lenyewe. Kazi yote wanaifanya hizo kuta zilizosimama wima. Ndani ni hewa tupu. Ndege inakuwa nyepesi, kibao kinakuwa chepesi, mkono wa mchezaji unapumzika.

Siku hizi sega la vibao hivyo ni la plastiki inayoitwa polipropilini. Unaijua hata kama huijui: ndiyo mifuko ya kufumwa ya kuwekea mahindi, na ndiyo bomba la sindano ninalomchomea mwanao chanjo. Ni laini kuliko karatasi ya ndege, kwa hiyo inaubembeleza mpira. Watengenezaji wanacheza na unene: sega la milimita 16 linaumeza mpira zaidi, unapata kuumiliki; la milimita 13 linautupa kwa nguvu.

Na mzunguko? Hapo wanatumia nyuzi za kaboni. Hizi ni nyuzi za plastiki zilizookwa kwa moto mkali bila hewa mpaka zikawa kaboni tupu. Ni akili ileile ya mchoma mkaa anayefunika tanuri kwa udongo ili kuni zisiwe majivu. Wanazipanga, wanazilowesha gundi ngumu, wanatandika juu yake kitambaa, na gundi ikikauka wanakibandua. Kitambaa kinaacha alama zake, uso unabaki na ukwaruzo wa wavu mdogo mdogo unaoushika mpira. Ukwaruzo huo unaisha kwa matumizi, na wenye mchezo wameweka kikomo chake na wanaupima, ili tusirudi kwenye mambo ya raketi ya tambi.

Haya yanakuhusu nini wewe uliyejifungua mwezi uliopita pale Somanda? Nakwambia. Yote haya, utumbo, sponji, sega, ni watu kuuhurumia mkono. Na mkono unaoumia zaidi hapa kwetu ni wa mama. Kuna maumivu ya kifundo upande wa kidole gumba ambayo daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyaeleza mwaka 1895. Mara nyingi tunayaona kwa akina mama wa watoto wachanga, kwa sababu kutwa mnanyanyua mtoto kwa kumkaba makwapani, vidole gumba vimetanuka. Ongeza jembe, ongeza mchi, ongeza kufua. Badilisha hivi: pitisha viganja chini yake, kimoja matakoni na kimoja mgongoni, umchote kama unachota maji. Mpini wa jembe au mwiko ukiwa mwembamba, uzungushie kitambaa, maana mpini mwembamba unakulazimisha kukaba zaidi. Maumivu yakizidi wiki mbili tatu, njoo tukuone, kuna tiba.

Sasa nimalizie ya nyumbani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa mapumziko. Nilimwita mwanangu, nikamwambia tutengeneze kibao. Aliniangalia kama ananipima homa. Tulikaa nje chini ya mwarobaini ule ule, upepo unavuma, dada yake yuko kwa bibi yake. Plaiwudi nilinunua kipande kwa fundi seremala, akatukatia duara na kulainisha kingo ili visimchome vijiti. Ndala nilitoa mwenyewe safari hii, ilikuwa bado nzima, nikaumia kidogo roho. Gundi ya mbao, ile nyeupe inayooshwa kwa maji, haishiki ndala vizuri kama solusheni, tukaona tuikandamize kwa tofali usiku kucha. Ilishika, isipokuwa pembe moja inayobanduka na anairudishia kila siku. Mpini tuliuzungushia pindo la kanga yangu kuukuu, pamba ya kwetu.

Akanifundisha kuukata mpira. Sijaweza. Naupeleka wote kwenye migomba ya jirani. Lakini nilipofanikiwa mara moja, mpira ukazama ghafla kwenye meza yetu ya kulia, akapiga kelele: "Umeona mama? Umeona ulivyoshuka?"

Nikasema nimeona, baba. Nimeona.

Kesho naingia zamu ya usiku. Kabla sijaondoka nitafungua dirisha la chumba chao, vumbi liingie tu.